Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: tuwezesheni kuotesha vijidudu huku wilayani kabla hamjatuletea dawa nyingine kali

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Waheshimiwa Wabunge wetu wa Dodoma na Singida, Mkurugenzi Mkuu wa NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), Mkurugenzi Mkuu wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), wakubwa wa Bohari ya Dawa, na nyie walimu wetu wa Chuo Kikuu cha Dodoma.

Shikamooni wakubwa zangu, na mlio rika langu habari za kazi.

Mimi ni mtumishi wa maabara kwenye wilaya moja ya mkoa huu wa Dodoma, sitaitaja ni ipi kwa sababu shida ninayoisema sio ya wilaya moja wala ya bosi mmoja. Naenda kwenye ishu moja kwa moja. Tunaomba kila hospitali ya wilaya kanda hii ya kati iwe na meza ya kuotesha vijidudu inayofanya kazi mwaka mzima, yaani kuchukua damu, mkojo, usaha na maji ya uti wa mgongo na kumkuza maabara mdudu aliyemo, tujue ni mdudu gani na ni dawa gani inamuua, na majibu yatoke mgonjwa akiwa bado yupo wodini. Ombi ni hilo, na mengine yote nitakayoandika humu yanazunguka hapo hapo.

Mambo yanavyoenda sasa hivi wengi mnayajua ila wacha niyaseme. Mama anatoka kijijini na mtoto ana homa ya siku ya tatu, anapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, kinasoma hana. Baada ya hapo hatuna tena cha kupima chenye maana, tunabaki kukisia. Mkojo unawekwa kwenye darubini, zikionekana seli nyeupe kidogo basi ni UTI, damu inachanganywa na kitendanishi cha Widal, ikigandiana basi ni taifodi, na mtu anatoka na cheti kimeandikwa vyote viwili. Hakuna ukoo hapa Dodoma ambao hauna mtu aliyewahi kuambiwa ana UTI na taifodi siku moja, wengine wanaambiwa kila baada ya miezi miwili mpaka wameshajizoelea wanasema "yangu ni sugu". Anachomwa sindano ya antibayotiki ya seftriaksoni asubuhi na jioni, ikiisha anaongezewa vidonge vya sipro (siprofloksasini) vya kwenda kumalizia nyumbani, homa ikirudi anaenda duka la dawa muhimu anachukua Azuma, yaani azithromaisini, na muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyemuona huyo mdudu.

Widal ni kipimo cha tangu mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza kupambana na mdudu, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa wa mwaka jana, au za chanjo, au za bakteria mwingine anayefanana na yule wa taifodi, au mwili umechangamka tu kwa sababu ya malaria. Kwa nchi kama yetu ambayo watu wamekutana na hivi vijidudu tangu utotoni, kipimo kimoja cha Widal cha siku moja hakithibitishi kitu. Kinachothibitisha taifodi ni kuotesha damu na kumkuta Salmonella Typhi. Sisi wa maabara tunalijua hili, madaktari wanalijua, nyie wakubwa mnalijua zaidi yetu, ila Widal bado inaagizwa na bado inalipiwa kwa sababu ndo iliyopo. Mgonjwa anataka jibu na daktari anataka kitu cha kuandika.

Na tafiti zimeshafanyika hapa hapa nchini kwetu zikaonyesha tunakosea wapi. Kule Moshi watafiti walichukua wagonjwa 870 waliolazwa na homa, wakapima kila walichoweza kupima. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528 kati yao. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na nne! Wengine wengi walikuwa na magonjwa ambayo sisi huku hatuyapimi kabisa, homa ya mgunda, brusela, homa ya Q, homa za kupe, zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa na bakteria waliotoka kwa wanyama. Ripoti ikatoka mwaka 2013. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine ya watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara, waliofika kutibiwa kama mgonjwa yeyote wa nje, ikaonekana asilimia 70 wana virusi, ambavyo antibayotiki haiviui, na wenye bakteria ni asilimia 22. Kwa hiyo watoto wengi tunaowapa antibayotiki hawazihitaji, na wale wachache wanaozihitaji kwelikweli hatuwajui ni wepi wala hatujui wapewe ipi.

Hao wachache ndo wanaokufa. Muhimbili walifuatilia watoto waliolazwa na maambukizi ya damu, wakachapisha mwaka 2007. Waliokuwa na bakteria wa kundi linaloitwa Gram hasi, kama E. koli na Klebsiella, kwenye damu walikufa asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walikufa asilimia 20.2. Yaani huyo bakteria anaua mara mbili ya malaria tunayoiogopa sote, na kilichoonekana pale ni kwamba mtoto ambaye mdudu wake ni sugu kwa dawa aliyoanzishiwa ndo yuko kwenye hatari zaidi ya kufa. Hayo yalijulikana kwa sababu Muhimbili walikuwa wanaotesha. Mtoto wa huku kwetu Chemba au Manyoni aliyekufa miaka hiyo hiyo kwa bakteria huyo huyo aliandikwaje? Malaria kali, au homa isiyojulikana, na alizikwa na jibu lake.

Nataka niongelee homa ya papasi kidogo kwa sababu huu ni ugonjwa wetu sisi watu wa kati, na nadhani unaonyesha shida kuliko mfano mwingine wowote. Wagogo wamekaa kwenye tembe miaka na miaka, nyumba ya udongo na paa la udongo, na kwenye nyufa za sakafu na ukuta anakaa papasi, ambaye ni jamii ya kupe. Anatoka usiku watu wakilala, ananyonya damu muda mfupi, alafu anarudi kwenye ufa wake, anaweza kukaa humo bila kula miaka. Akikuuma anakuachia bakteria anaitwa Borrelia duttonii, amepewa jina la Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa anauchunguza huu ugonjwa kule Kongo ukamuua mwenyewe mwaka 1905. Homa inakuja kali, inaondoka unafikiri umepona, alafu inarudi, kwa sababu huyo mdudu anabadilisha vazi lake la nje kila kinga ya mwili inapomtambua. Kwa mama mjamzito huyo mdudu anaweza kusababisha mimba itoke au kumuua mtoto siku za mwanzo. Hospitali ya Mvumi, hapa hapa Chamwino, ndo kumefanyika baadhi ya kazi nzuri za ugonjwa huu duniani, walipuliza dawa ya kuua papasi kwenye nyumba za vijiji na homa ya papasi kwa watoto wa chini ya miaka mitano ikapungua, ikachapishwa mwaka 1998.

Sasa homa ya papasi inaonekanaje maabara? Inaonekana kwa darubini, kwenye tone lile lile la damu tulilokuwa tunaangalia malaria, unamuona mdudu mwembamba amejisokota katikati ya seli. Mtu wa maabara mzoefu akiangalia malaria anamuona na huyo mdudu wa homa ya papasi bila mgonjwa kulipia kipimo kingine. Kilipokuja kipimo cha haraka cha malaria, na ni kitu kizuri sana sikipingi hata kidogo kimeokoa watu wengi, darubini ikasogezwa pembeni, na kile kipimo hakiwezi kuona homa ya papasi kwa sababu hakikutengenezewa hiyo kazi. Kwa hiyo mgonjwa anasoma hana malaria, homa inashuka yenyewe, anarudi nyumbani, wiki inayofuata imepanda tena, anaambiwa taifodi. Najua nyumba za bati zimeongezeka na papasi wamepungua sana, lakini kupungua sio kuisha, na vijijini tembe zipo, na huu ugonjwa unatibika kwa doksisaiklini au penisilini, dawa za bei ya chini kabisa. Mtu anakufaje na ugonjwa wa dawa ya bei hiyo wakati darubini iko mezani imefunikwa na kitambaa?

Nimetaja Mvumi ili tusidanganyane kwamba utafiti ni kitu cha Dar na Ulaya. Kongwa, wilaya ya hapa hapa Dodoma, imefundisha dunia. Ule ugonjwa wa trakoma unaopofusha watu, wenye kope zinazogeuka ndani zikakwaruza jicho, ulikuwa umetuumiza sana kwa sababu ya ukame wetu na vumbi na nzi na maji ya kugombania. Watafiti walikaa Kongwa tangu miaka ya 1980, wakafanya na akina mama majaribio ya kunawisha watoto uso, matokeo yakachapishwa mwaka 1995 na kunawa uso kukawa sehemu ya mkakati wa dunia nzima pamoja na upasuaji wa kope, dawa, na kusafisha mazingira. Dawa yenyewe ni azithromaisini, unakunywa mara moja kwa mwaka, kijiji kizima. Wapo watu leo wanaona kwa sababu ya hiyo kazi.

Lakini Kongwa hiyo hiyo ikatuonyesha na upande wa pili. Watafiti waliendelea kufuatilia watoto baada ya kijiji kugawiwa azithromaisini, wakachukua sampuli za pua na za choo, wakaotesha, wakakuta bakteria wa nimonia na wale wa utumboni, E. koli, wenye usugu kwa dawa za familia hiyo wameongezeka. Sisemi ugawaji ulikuwa kosa, macho yamepona na huo ni ushindi. Nasema hivi, kila dawa unayoimwaga kwenye jamii inaacha alama kwenye vijidudu ambavyo hukuvilenga, na njia ya kuijua hiyo alama ni kuotesha. Pale Kongwa tulijua kwa sababu kulikuwa na mradi. Mradi ukiisha watafiti wanaondoka na friji zao, na Azuma inaendelea kuuzwa dukani kila siku bila kijiji kugawiwa na bila mtu kufuatilia chochote. Hapo ndipo ninapoumia. Damu yetu na mate yetu vimejibu maswali ya dunia ila mgonjwa wa kitanda namba tisa leo hatuwezi kumjibu lake.

Linganisheni na malaria. Kule Kagera vimelea vya malaria vimeanza kubadilika kwenye jeni moja inaitwa kelch13, vinachelewa kufa ukivipiga na dawa mseto tuliyoanza kuitumia mwaka 2006. Nani aligundua? Watanzania wa NIMR na wenzao, kwa sababu kuna mpango wa kuchukua sampuli mikoa mingi kila mara na kusoma jeni zake. Ndo maana nchi inaweza kukaa chini ikapanga dawa ya pili kabla mambo hayajaharibika. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 baada ya kuwa imeshashindwa miaka mingi na watoto wameshakufa, safari hii tumeshtuka mapema. Tena vijidudu vya malaria vina bahati, vinafuatiliwa. Yule bakteria Klebsiella aliyeko kwenye wodi ya watoto wachanga anafuatiliwa na nani huku wilayani?

Nitasema na la mifugo maana Dodoma huwezi kutenganisha mtu na ng'ombe. Mwaka 2006 kuingia 2007 ilipokuja homa ya Bonde la Ufa nchi hii ilipata wagonjwa 309 na wakafa 144, na mkoa ulioumia kuliko yote ni huu wetu. Wale watu walianzia wapi? Kuchinja ng'ombe mgonjwa, kunywa maziwa mabichi, kushika ndama aliyetoka kabla ya wakati, mambo ambayo mpaka kesho yanafanyika. Brusela inapita njia hizo hizo. Alafu njooni kwenye kuku. Mtu kachukua mkopo kajenga banda Nzuguni au Nala, kuku wakikohoa anakimbilia duka la mifugo anapewa antibayotiki, tailosini au oksitetrasaiklini au enrofloksasini, anaweka kwenye maji, na wengi wanaweka hata kuku wakiwa wazima ili wasiugue, na mayai yanaokotwa yanauzwa asubuhi hiyo hiyo. Enrofloksasini ni ndugu wa damu wa sipro, bakteria akijifunza kuikwepa kwenye kuku ameshajifunza kukwepa sipro kwenye mkojo wa mama. Simlaumu mfugaji, hakuna aliyempimia kuku wake pia. Pale Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo tangu enzi za Mjerumani, mwaka 1905, zaidi ya miaka mia. Maabara ya mifugo na maabara ya watu zikikaa na daftari moja tutaona mdudu anavyotembea kutoka bandani mpaka wodini. Kwa sasa kila mmoja ana lake, wizara mbili, bajeti mbili, na bakteria hajui mipaka ya wizara.

Najua kuna wenye mawazo kwamba suluhisho ni dawa mpya. Mimi mwenyewe nikisikia habari za dawa mpya nafurahi sana. Mwaka 2025 Marekani imeidhinisha gepotidasini kwa ajili ya UTI, ni dawa ya aina mpya kabisa, na mwisho wa mwaka huo ikaidhinishwa zoliflodasini kwa ajili ya kisonono, ambayo imetengenezwa na shirika lisilo la faida likishirikiana na kampuni. Kuna jaribio kubwa linaitwa NeoSep1 linatafuta mchanganyiko bora wa dawa kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, na lilianzia Afrika Kusini na hapo jirani Kenya. Vizuri sana. Lakini angalieni jambo moja, majaribio kama hayo yanaenda kule ambako damu ya kichanga inaoteshwa na jibu linaaminika. Hospitali isiyootesha haiwezi kushiriki, kwa hiyo watoto wetu hawamo, na siku dawa itakapopitishwa hatutakuwa na data ya kusema kama inawafaa wa kwetu.

Na dawa mpya sio kitu cha kutegemea kije kwa wingi. Ile kampuni ya Achaogen ya Marekani ilitengeneza plazomisini, ikapata kibali mwaka 2018, na mwaka 2019 ikafilisika. Dawa nzuri, kibali kipo, kampuni imekufa, kwa sababu antibayotiki mpya inatakiwa ifichwe itumike kidogo, na kitu kinachouzwa kidogo hakirudishi hela. Ndo maana kampuni kubwa nyingi zimeshaondoka kwenye hii kazi. Kwa hiyo hizi tulizonazo tuzitunze. Na hata hiyo gepotidasini ikifika Bohari kesho, tukiitoa kwa staili hii hii ya kusoma seli nyeupe kwenye mkojo tutakuwa tunarusha jiwe gizani, itachakaa kama sipro ilivyochakaa.

Nitajibiwa gharama. Nakubali kuotesha kuna gharama, ila sio gharama ya kutisha kama watu wanavyodhani. Tunachohitaji ni inkubeta ya kuwapa bakteria joto la kuota, kabati la kufanyia kazi kwa usalama, otoklevu ya kuua vijidudu kwa mvuke, friji, chupa za damu, aga, yaani chakula kilichoganda ambacho bakteria anaota juu yake, na zile diski za karatasi zenye dawa, unazipanga juu ya sahani uliyopaka bakteria, kesho yake unapima duara ambalo hajaota. Njia hiyo ilisanifishwa mwaka 1966 na mpaka leo inakubalika dunia nzima. Mkojo unakupa jibu siku moja au mbili. Damu tunasubiri mpaka siku tano lakini wale wabaya wengi wanajitokeza ndani ya saa 48. Aga ya damu inataka damu ya kondoo, sio ya benki ya damu ya watu maana ile inaweza kuwa na kingamwili na dawa ndani yake, na kondoo kama kuna mahali wapo ni hapa, ranchi ya taifa iko Kongwa. Watengewe kondoo wachache wenye afya na mtu wa mifugo wa kuwatoa damu kwa utaratibu, kanda nzima ipate aga yake bila kusubiri ndege.

Kinachoua maabara zetu sio mashine, ni mashine kukaa bila vitendanishi. Nimeshaona inkubeta mpya imegeuzwa kabati la kuwekea makaratasi kwa sababu mradi ulioileta uliisha na hakuna aliyeweka aga kwenye oda ya mwaka. Umeme ukikatika usiku na jenereta halijawashwa sahani zote zimeharibika, na kijana aliyesomea mikrobaiolojia kwa jasho amepangiwa dirisha la kutoa damu. Kijana huyo baada ya mwaka mmoja kasahau, au kaondoka.

Kwa wilaya ambazo mtaona bado hazijawa tayari, basi sampuli zisafiri. Makohozi ya TB yanasafiri, bodaboda anayaleta mpaka kwenye mashine ya GeneXpert na jibu linarudi kwa simu. Njia ipo, madereva wapo, wanajua masanduku ya baridi. Chupa ya damu ya Bahi ipande pikipiki hiyo hiyo ije hospitali ya rufaa mjini. Ila jibu lirudi. Sampuli ikienda jibu likarudi mgonjwa ameshazikwa, daktari anakata tamaa hatumi tena, na hapo utaambiwa mahitaji ni madogo.

Mwaka 2022 watu wa Ruangwa kule Lindi walianza kutokwa damu puani na kuanguka, nchi nzima ikashtuka, wataalam wakashuka na vifaa, ndani ya siku chache tukaambiwa ni homa ya mgunda, dawa yake ipo. Nilijivunia sana ile kazi. Sasa mimi naomba heshima ile ile apewe mgonjwa wa kawaida ambaye hakuitwa mlipuko, anayekufa peke yake bila kamera.

Hela za wageni nazo mnaziona zinavyokwenda. Mwaka 2025 Uingereza ilitangaza kuusimamisha mfuko wa Fleming, ule uliokuwa unasaidia nchi zetu kwenye maabara na ufuatiliaji wa usugu. Kwa hiyo ule Mpango Kazi wa Taifa wa UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa 2023 mpaka 2028, uliokuja baada ya ule wa 2017, kama haujapewa fungu letu wenyewe basi utabaki kitabu kizuri. Na tumeshaahidi. Septemba 2024 pale Umoja wa Mataifa nchi zilikubaliana kupunguza vifo vya usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030, na asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa watu zitoke kwenye lile kundi la kwanza la WHO, za kawaida kama amoksilini. Mwaka 2019 peke yake dunia ilipoteza watu milioni 1.27 moja kwa moja kwa sababu bakteria alikuwa sugu. Asilimia 10 ya vifo vyetu sisi tutaipimaje kama hatuvihesabu?

Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri, tunaomba utoe waraka Widal ya siku moja isitumike tena kuanzishia dawa, na uweke kuotesha kwenye vipimo vya lazima vya hospitali ya wilaya, na kila mgonjwa ambaye kipimo cha haraka kimesoma hana malaria na homa inajirudia, damu yake ipite kwenye darubini. Bohari, wekeni aga, diski na chupa za damu kwenye orodha ya vitu ambavyo haviruhusiwi kuisha, kama mlivyofanya kwa dawa za ARV. Hizo haziishi, kwa hiyo tunajua mnaweza. TMDA, mmefanya kazi kwenye maduka ya dawa za watu, shukeni na kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa nguvu hiyo hiyo mkishirikiana na wenzenu wa mifugo. NIMR na UDOM, mradi wowote unaokuja kuchukua sampuli kanda ya kati uache maabara na mtu aliyefundishwa, iandikwe kwenye mkataba kabla ya kibali cha maadili. Na wanafunzi wa UDOM wanaokuja fildi waje wakae kwenye meza ya kuotesha, wapo wengi na wana hamu. Kila mwaka tuandike karatasi moja ya kanda, mdudu fulani dawa hii inamuua kwa kiasi hiki, ibandikwe kila chumba cha daktari kuanzia Kondoa mpaka Manyoni. Karatasi hiyo moja itabadilisha matibabu kuliko semina zote za hotelini.

Waheshimiwa Wabunge, nyie mko hapa hapa mjini. Bajeti ya afya inasomwa ukumbini kwenu kila mwaka kabla ya Julai. Mtu mmoja tu asimame aulize, hospitali ngapi za wilaya za Dodoma na Singida zimeotesha damu mwezi uliopita, na majibu mangapi yalirudi mgonjwa akiwa hai. Ombeni mjibiwe kwa namba, wilaya kwa wilaya.

Mkihitaji kusikia kutoka kwetu tutakuja Mtumba kwenye ofisi za wizara siku yoyote mtakayotuita, mimi na wenzangu wa maabara za wilaya, tukiwa na rejista zetu mkononi.

Wenu katika kazi,
Mtumishi wa maabara, Dodoma